Waseme, Mbwa Aliyeanza Kukua Upya

Mbwa wa miaka minne hakui tena. Hilo hata mtoto analijua.

Wa kwetu alianza kukua upya.

Sisemi alinenepa. Kunenepa nakujua. Nasema alikua. Kichwa kilipanuka, nyayo zikatanuka, meno yakaachana kama watu waliogombana halafu wakalazimishwa kukaa benchi moja.

Mtaa mzima ukatafuta mchawi. Mchawi alikuwepo, tena karibu sana. Ila hawakumpata.

Kaa vizuri nikusimulie, maana mimi nimelibeba hili miaka mingi na leo nimechoka kulibeba peke yangu.

Ilikuwa Makambako, mwaka tisini na tano. Mimi Yunisi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na mtoto mmoja, Oktavia, aliyekuwa anakaribia miaka mitatu.

Mume wangu Nikodemo ni Mkinga wa Makete. Ukishasema Mkinga, watu wa Makambako watakuuliza, "Duka lake liko wapi?" Alikuwa nalo, upande wa relini. Zamani duka la ushirika lilikuwa na mizani na vumbi tu. Biashara huria iliporuhusiwa, Nikodemo akaanza na katoni moja ya sabuni nyuma ya baiskeli. Miaka michache tu, ana vitenge, ana redio, ana mabati.

Watu wakaanza maneno.

"Yule Mkinga si bure. Ana ndagu."

Ndagu, kwa usiyejua, ni dawa ya utajiri. Wanasema mwenye nayo lazima afuge kitu nyumbani, na kitu hicho ndicho kinachokula watu kwa niaba yake.

Nikodemo alicheka. Siku aliponunua mtoto wa mbwa kwa mpasua mbao mmoja wa Matembwe, akampa jina: Waseme.

"Si wanasema?" akaniambia. "Basi waseme."

Alikuwa jike, rangi ya kahawia, na baka jeupe kifuani. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Mwembamba huyo, mbio kama mshale. Oktavia alipozaliwa, Waseme alilala mlangoni mwa chumba siku nane, hapiti mgeni bila kunuswa.

Sasa nisikilize kuhusu huko kuzaliwa.

Nilimzaa Oktavia kwa kuvuja damu mpaka mkunga akamwambia Nikodemo aite ndugu zangu. Nilisikia sauti zao kwa mbali kama watu wanaoongea ng'ambo ya mto. Mungu akanirudisha. Lakini ndani yangu kitu kiliapa: si tena. Si karibuni.

Ningemwambiaje mume wa Kikinga, mtoto wa pekee wa kiume kwa mama yake?

Mama mkwe wangu, tulikuwa tunamwita Bibi Oktavia, alikuwa akishuka kutoka Makete kila baada ya miezi michache, na kila mara macho yake yanatua tumboni kwangu kabla hayajafika usoni.

"Mwanangu, mtoto mmoja ni jicho moja. Likiingia mchanga, unabaki kipofu."

"Mungu atatupa, mama."

"Mungu anatoa. Je, ninyi mnapokea?"

Nikaenda kwa rafiki yangu Anifa. Binti wa Kigoma huyu, mcheshi, alisomea uuguzi, na alikuwa anauza kwenye duka la dawa karibu na stendi. Nyuma ya pazia lake la kitenge akanichoma sindano ya uzazi wa mpango. Miezi mitatu, unarudi. Akanipa kadi ndogo ya tarehe nisisahau.

Kadi nikaificha kwenye debe la unga wa ulezi, chini kabisa. Nikodemo hajawahi kupika uji tangu azaliwe, nikajisemea. Hapo ni salama.

Mwaka uleule Waseme alizaa. Watoto sita.

Nikodemo alikuwa Mbeya kufuata mali. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani na Oktavia mgongoni. Niliporudi, boksi walimolala lilikuwa tupu.

"Ndagu imezaa," nikasikia mwanamke anasema nje ya ua, wala hakuficha sauti. "Moja tu inatumaliza. Tungeziacha sita?"

Majirani waliwatia kwenye gunia wakawatupa mtoni.

Jamani. Mimi mwenyewe nilikuwa nanyonyesha. Nilimwona Waseme anazunguka ua siku tisa, maziwa yanamdondoka njiani, ananusa kila pembe, ananusa mpaka viatu vyangu, kisha ananitazama. Hakubweka. Alinitazama tu.

Siku ya kumi nikamfunga kamba nikaenda naye kwa Anifa.

"Anifa, ile yangu si ingemfaa na huyu?"

Anifa alicheka mpaka akashika kaunta. "Weee Yunisi! Unataka nimfungulie na kadi?"

"Sitaki azae tena wakamuulie wanawe. Nakuomba, dada."

Akaacha kucheka. Alimtazama Waseme, akatazama zile chuchu zilizovimba.

"Haya. Jike ni jike. Lete paja."

Ikawa hivyo. Kila miezi mitatu, mimi nyuma ya pazia kwanza, kisha mbwa wangu. Tulikuwa tunarudi nyumbani wote tunachechemea kidogo, nami namwambia, "Wewe na mimi, mama, tuna siri moja."

Hazikuwa sindano mbili wala tatu. Miaka miwili.

Na mambo yalituendea vizuri, nisiwe mwongo. Waseme hakuzaa. Mimi sikupata mimba. Jioni nikaanza masomo ya watu wazima pale shule ya msingi kwa Mwalimu Juliana, maana niliishia darasa la saba na nilikuwa na ndoto zangu. Hata mama mkwe, ghafla tu, akaacha kunisumbua. Akageukia kumletea mwanawe chupa za dawa ya mizizi, nyeusi kama lami.

"Ya nini hiyo?" nilimuuliza Nikodemo.

"Ya kifua." Akafumba macho, akanywa, akakunja uso kama aliyeng'atwa.

Baridi ya Makambako si ya mchezo, nikaona sawa. Moyoni nikamshukuru Mungu kwamba bibi kapata mgonjwa mwingine.

Kisha Waseme akaanza kukua.

Kwanza ni mkanda. Nikodemo alimtengenezea mkanda wa shingo kwa ngozi ya mkanda wake wa zamani. Akatoboa tundu jingine. Baada ya mwezi, jingine. Kisha matundu yakaisha.

Halafu nyayo. Mvua ikinyesha unaona uani alama za mbwa unayemjua, na kando yake unajiuliza huyu mwingine katokea wapi. Ni yeye huyohuyo.

Ngozi ya uso ikamzidi, ikakunjamana kama shuka lisilonyooshwa. Ulimi haukutosha tena mdomoni. Kubweka kukawa kuzito, kwa besi. Na kukoroma! Mchana, mgeni amekaa sebuleni anakunywa chai, anauliza kwa adabu, "Baba Oktavia anaumwa? Mbona amelala saa hizi?"

"Baba Oktavia yuko dukani," nasema. "Huyo ni mbwa."

Mgeni anaweka kikombe chini. Chai haiishi.

Kiu ndiyo ilinitisha. Ndoo nzima kwa siku. Na akinywa hivyo, anakojoa hivyo. Akishakojoa, hazipiti dakika kumi, sisimizi wanakuja. Mistari na mistari ya sisimizi, kutoka ukutani mpaka pale penye unyevu.

Jirani mmoja alichungulia juu ya ua akaona. Basi ikawa habari ya mji.

"Mkojo wa mbwa wa Mkinga unaita wadudu!"

"Duka likipanuka, na mbwa anapanuka. Hamlioni?"

Nilimpeleka kwa bwana mifugo wa pale. Akampa dawa ya minyoo. Nilirudi kwa Anifa na sindano ikamwingia pajani kama kawaida, wala halikunijia wazo. Lingenijiaje? Mimi nilikuwa nachomwa ileile, toka chupa zilezile, na sikuvimba hata kidole.

Mwezi wa sita mtoto wa jirani alifariki kwa malaria. Kila mtu alijua ni malaria. Wiki iliyofuata hakuna aliyejua tena.

Jumapili, watu wametoka kanisani, balozi wetu wa nyumba kumi alikuja. Mzee Alfonsi, Mbena mpole, kofia mkononi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Karibu kiti."

"Sikai. Nikikaa nitashindwa kusema."

Nikodemo akatoka ndani. Waseme alikuwa amelala kizingitini, anakoroma. Mzee alimtazama, kisha akatugeukia.

"Watu wamekutana. Wamewapa mpaka Jumamosi. Mkimuua wenyewe, yameisha. Msipomuua, watakuja na mapanga. Na wakishaingia uani, wanangu, sina hakika kama wataishia kwa mbwa."

"Na wewe balozi unasemaje?" Nikodemo akauliza.

"Mimi nimekula mkate wa duka lako miaka mitatu, sijafa. Lakini mimi ni mmoja."

Akaondoka. Nikodemo alikaa chini, pale pale kizingitini, akaweka mkono juu ya kichwa kile kikubwa.

"Kuna mganga Lupingu, ziwani," akasema polepole. "Wanasema anaweza kusafisha jina la mtu."

Hapo ndipo nilipojitia msomi.

"Mganga wa nini? Huyu ni mgonjwa, baba Oktavia. Mwalimu Juliana ametufundisha, kuna tezi chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere, inatoa kichocheo cha kukua. Homoni. Ikizidi, mtu anakuwa jitu. Kwa nini isiwe na mbwa? Njombe kuna daktari wa mifugo wa kweli, alisomea Ulaya. Tumpeleke."

Nikodemo alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Kama mtu anayemwona mke wake kwenye jukwaa.

"Haya, mwalimu," akasema. "Tumpeleke."

Nilikuwa na furaha, wallahi. Nililala nikiwaza: Waseme atapona, mtaa utaaibika.

Jumatano asubuhi tukapata lifti ya Bashiru, dereva wa lori anayekwenda Njombe kupakia viazi. Mwislamu safi, sala tano. Alipomwona Waseme alirudi hatua mbili.

"Subhanallah. Shemeji, huyu ni mbwa au ni ndama?"

"Ni mbwa, shemeji. Anaumwa."

"Mimi mbwa simgusi, udhu wangu utaharibika. Lakini gari halina udhu. Mpandisheni nyuma."

Tukampandisha, mimi na Nikodemo, mmoja mbele mmoja nyuma. Ukungu ulikuwa mzito, miti ya miwati ya kando ya barabara huioni mpaka ikufikie. Waseme aliweka kichwa mapajani kwangu. Kilikuwa kizito kama gunia dogo la sukari. Oktavia tulimwacha kwa Anifa. Alipoagana na mbwa alisema, "Waseme, urudi mdogo."

Daktari Benno alikuwa mzee wa miwani, ametoka serikalini akafungua banda lake mwenyewe la tiba ya mifugo, maana siku hizo ilikuwa ruksa. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Alipiga magoti, akamfunua midomo, akatazama nafasi kati ya meno, akampima nyayo kwa kiganja chake, akambonyeza matiti moja moja.

"Sisimizi wanafuata mkojo wake?"

Nikadaka, "Umejuaje?"

"Ni sukari. Mkojo una sukari." Akasimama, magoti yanalia. "Huyu hajarogwa. Ana kichocheo cha kukua kilichozidi. Kikizidi, mwili unapanuka, na sukari inapanda."

Nilimgeukia Nikodemo. Si nilisema? Nikodemo alinishika bega.

"Ni ile tezi ya ubongoni, daktari?" Bado naonyesha usomi wangu.

"Kwa binadamu, ndiyo. Kwa paka, ndiyo. Mbwa jike ana yake. Kwake kichocheo hicho kinaweza kutoka kwenye matiti. Na kinaamshwa na vitu viwili: ovari zake mwenyewe, au dawa." Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Siku hizi watu wana mchezo mmoja. Wanawachoma mbwa sindano za uzazi wa mpango, hizi za wanawake. Mwanamke hazimfanyi hivi. Mbwa zinamfanya hivi hivi. Mmewahi kumchoma?"

Daktari ananitazama mimi. Nikodemo anatazama ukuta, pale palipotundikwa picha ya ng'ombe wa maziwa.

Nikisema ndiyo, swali la pili ni lipi? Nani alimchoma? Anifa. Anifa unamjuaje? Na wewe, mke wangu, ulikuwa unafanya nini nyuma ya pazia la Anifa?

Nilimwona Bibi Oktavia anapanda basi kuja kunifungasha virago. Nilimwona binti yangu anabaki Makete.

"Hapana, daktari," nikasema. "Hajawahi."

Nikajipa moyo haraka haraka: nitaacha tu. Sitamchoma tena. Atapona kimya kimya, nani atajua?

Daktari akatikisa kichwa.

"Basi ni ovari. Nilitamani iwe sindano. Ingekuwa sindano, ningewaambia acheni, subirini dawa imwishe mwilini, nyama zitapungua, sukari huenda ikashuka yenyewe. Lakini ovari haziachi. Lazima nimfungue nizitoe, tena leo, kabla sukari haijamuua."

"Ni hatari?" Nikodemo akauliza.

"Kwa mbwa huyu, ndiyo. Ulimi umekuwa mkubwa, koo limesongwa na nyama. Nikimpa usingizi, pumzi inaweza kuziba. Nitajitahidi."

Ndugu msomaji, hapo nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Neno lilifika kwenye meno.

Lakini Nikodemo akatangulia. "Mfungue, daktari. Jumamosi wanakuja na mapanga. Huyu ni wa nyumbani kwetu. Fanya kila kitu."

Nikafunga mdomo.

Wakamlaza. Mimi ndiye niliyemshika kichwa wakati wa sindano. Alikuwa ananiamini, alishazoea kuchomwa mimi nikiwepo. Hakuhangaika hata kidogo. Alilamba kiganja changu mara moja kwa ulimi ule mkubwa, macho yakawa mazito.

Tukatolewa nje. Kulikuwa na benchi la mbao na jua la Njombe lile lisilo na joto. Tulikaa muda mrefu. Mara tatu nilisema, "Baba Oktavia," na mara tatu aliitika, "Naam," kwa upole, akasubiri. Mara ya kwanza nikasema, "Kuna baridi." Mara ya pili, "Oktavia atakuwa amekula?" Mara ya tatu sikusema kitu.

Mlango ukafunguliwa.

Daktari Benno alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa na hasira, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Pumzi iliziba. Nimevuta ulimi, nimetia mpira, nimemkandamiza kifua. Amekwenda."

Nikasikia mtu analia. Nilikuwa mimi.

"Lakini nimeziona ovari," akaendelea, sauti imeshuka. "Ndogo, zimelala kama za mbwa ambaye hajapata joto la kupandwa miaka mingi. Ovari za hivyo haziwezi kufanya hili. Matiti yana vinundu. Huyu amechomwa sindano, tena nyingi. Kuna mtu amenidanganya. Ningeujua ukweli, nisingemgusa na kisu. Angekuwa anarudi nyumbani na miguu yake."

Ardhi ingepasuka ningeingia.

"Ni mimi, daktari."

Si mimi niliyesema. Ni Nikodemo.

Alikuwa amesimama, kofia ameibana kwapani. "Nilimchoma mimi. Mke wangu hakujua. Niliona aibu kusema."

Daktari alimsema. Alimsema mbele yangu kama mtoto aliyechoma nyumba: mfanyabiashara mzima, unajua kuhesabu mabati, hujui kusema neno moja la kuokoa roho? Nikodemo alisikiliza lote, kichwa chini. "Ni kweli, daktari. Nisamehe, daktari."

Na mimi nikanyamaza tena. Mara ya pili, siku moja, mahali pamoja. Nilimwacha mume wangu asemwe kwa kosa langu.

Tulimfunga Waseme kwenye shuka. Bashiru alipotukuta alikuwa ameshapakia viazi, nafasi ya mbwa haipo. Akatazama shuka, akatazama nyuso zetu, hakuuliza. Akasogeza magunia kwa mikono yake.

Nje kidogo ya mji akasimamisha gari kwenye mwinuko wenye miwati. "Hapa udongo laini," akasema. Akashuka na sepetu yake ya kukwamulia gari. Walichimba wawili. Wakati wa kumshusha, Nikodemo akashindwa kumwachia. Bashiru akaingia shimoni, akampokea Waseme kifuani pake, akamlaza.

"Shemeji, udhu wako," nikasema kwa kilio.

"Maji yapo, shemeji. Nitajiosha."

Akatuacha akaenda garini.

Tukabaki wawili, na kile kifusi kidogo. Nikasema, "Kwa nini umejitwika? Umejuaje?"

Nikodemo alijifuta udongo vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Kadi yako iko kwenye debe la ulezi."

Nikageuka kumtazama.

"Tangu mwaka juzi nimeiona. Oktavia aliumwa, wewe uko darasani, nikasema leo nitapika uji. Nikachota mpaka chini." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Leo daktari alipouliza, nikatazama ukuta ili usione aibu kusema. Uliposema hapana, nikasema basi, sindano ni zako tu, mbwa hakuchomwa. Wewe huwezi kumdanganya daktari uliyemtafuta mwenyewe. Alipotoka na habari ya zile ovari ndipo nilipojua."

"Mwaka juzi! Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Nikajua una sababu. Yunisi, ile siku ya Oktavia mimi nilikuwa mlangoni. Niliona ile damu. Ulidhani nimesahau?"

Nikakaa chini kwenye majani.

"Na mama?" nikauliza. "Mama yako aliacha kunisumbua..."

"Nilimwambia tatizo ni langu."

Jamani.

"Zile chupa," akasema. "Ulidhani kweli ni za kifua?"

Miaka miwili. Miaka miwili mwanamume huyu amekunywa mizizi michungu kila asubuhi mbele yangu, amekubali mama yake na ukoo mzima wa Makete wamwone si mwanamume kamili, ili mimi nipumzike. Na mimi miaka hiyo miwili nilikuwa namwogopa. Nilimwogopa mpaka nikamuua mbwa wake.

Hakukuwa na mtu wa kuogopa. Kama ningesema lile neno moja, pale mbele ya picha ya ng'ombe, hakuna ambacho kingetokea. Waseme angerudi juu ya magunia ya viazi, na mwaka ungeisha akiwa amepungua.

Tulifika Makambako jua linashuka. Watu walikuwa wamesimama barabarani. Walipoona hatuna mbwa, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. "Ndagu imekatika!"

Oktavia alikuja mbio kutoka kwa Anifa. Alichungulia nyuma ya lori, akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Mama, amekuwa mdogo sana?"

Nikodemo akambeba.

Kwa mwezi mzima mtoto yule alijaza bakuli la maji mlangoni kila asubuhi, na sikumkataza.

Jumatatu iliyofuata nilirudi Njombe peke yangu. Nilimwambia Daktari Benno, "Aliyekudanganya ni mimi, si mume wangu."

"Nilijua," akasema. "Mtu aliyechoma hulia kabla sijamaliza kusema. Ulitangulia wewe." Kisha akanipa kazi: kila atakayenisikiliza, nimwambie hizo sindano si za mbwa. Ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo. Nilianza na Anifa. Alilia kuliko mimi. Pazia lake halikupitwa na mnyama tena.

Makete nilipanda mwenyewe kumwambia mama mkwe. Akachukua chupa ya dawa aliyokwisha kuiandaa, akaimwaga uani. Akasema, "Mmeniacha nimnyweshe mwanangu mizizi bure." Akanipikia chakula. Nilikila chote nikilia.

Sasa wewe unayenisoma. Labda uko kwenye foleni ya hospitali hivi sasa, umemshika mtoto, au umemshika mbuzi, na unajua kuna jambo moja umelificha. Mimi niliwacheka majirani kwa ujinga wao wa uchawi. Nilijua homoni, nilijua tezi, nilijua mpaka ukubwa wa punje. Elimu yote hiyo ilishindwa na neno moja nililolibana kwenye meno. Atakapokuuliza, mwambie. Hata kama mumeo amesimama hapo. Pengine naye anatazama ukuta akikusubiri.

Ile kadi niliitoa kwenye debe, nikaikung'uta ulezi, nikaitundika sebuleni kando ya kalenda, kila mgeni aione.

Na chini yake, kwenye msumari uleule, ukaning'inia mkanda wa ngozi ulioishiwa matundu.